Kaka wa Kitabuni

Watu wa kikundi chetu cha simu wananijua. Nikianza kuzungumzia sinema iliyoharibu kitabu, wanaweka simu chini, wanakwenda kupika, wanakula, wanaosha vyombo, na wakirudi wananikuta bado naendelea. Mimi hutuma sauti, siandiki, kwa sababu maandishi hayana hasira ya kutosha. Tuko kama watu hamsini humo, wote wa hapa Kampala, wote wagonjwa wa hadithi za majoka, wachawi na mashujaa wanaopaa, na kazi yetu kubwa ni kubishana juu ya sinema zinazotokana na hadithi hizo. Wako wanaosema kitabu ni kitabu na sinema ni sinema, kila kimoja kiachwe kivyake. Wako wa kulalamikia mavazi tu, eti joho la shujaa fulani lilikuwa jekundu kwenye vitabu vya picha, mbona wamelifanya rangi ya matope. Halafu niko mimi. Mimi nilitaka kila kitu kiwe kama kilivyoandikwa, mpaka farasi.

Nasema haya mapema ili ujue anayekusimulia ni mtu wa namna gani. Nilimharibia mjomba wangu kazi kwa sababu ya ugomvi wangu na sinema moja, na mpaka mwezi uliopita nilikuwa sijamwambia.

Mjomba ni kitinda mimba wa nyumba yao, Mama ndiye mkubwa. Sisi ni Wanubi, watu ambao wazee wao walikuja hapa na jeshi kutoka Sudan, na babu yangu alikuwa polisi, kwa hiyo Mama na Mjomba walikulia kambini. Kiswahili chao ni cha huko, kimenyooka, hakijui kuzunguka. Mama alikitumia kutugombeza. Mjomba alikitumia kutafsiri filamu.

Kwa asiyejua, vibanda vya filamu huku kwetu vina mtu anayekaa kando ya skrini na kipaza sauti. Filamu ikiwa inaendelea kwa Kiingereza, yeye anaipunguza sauti na kuieleza upya kwa lugha ya watu, na anaongeza chumvi zake. Kampala karibu wote hutumia Kiganda. Mjomba alitumia Kiswahili, ndiyo maana kibanda chake nyuma ya soko la Nateete kilijaa watu wake maalumu: Wakongo wauza vitenge, madereva wa malori, wanajeshi wastaafu, mama zetu wa Kinubi na binti zao. Walikaa kwenye mabenchi chini ya mabati, jasho likiwatoka, na hakuna aliyetamani kuondoka.

Alikuwa anajua kuchekesha, jamani. Mtu akipigwa ngumi akarushwa, Mjomba alisema amepita kituo cha Busega bila kushuka. Akitokea shujaa mwenye joho, alisema, "Tazameni huyu bwana, amekimbia na pazia la sebuleni, mke wake analitafuta nyumba nzima." Wabaya wote waliongea kama maafande: "Wewe kuruta, simama hapo hapo!" Na mimi, mtetezi wa vitabu, sikuwahi kumkasirikia hata siku moja. Nilikaa pale nikicheka mpaka mbavu zikauma.

Sasa, siri ya nyumbani ilikuwa hii. Kiingereza cha Mjomba kilikuwa cha kuagizia soda. Aliacha shule baada ya darasa la saba, na sinema za watu wanaoongea haraka zilimpita. Kwa hiyo macho na masikio yake nilikuwa mimi. Alhamisi aliniletea filamu ya wiki kwenye flashi, nikaitazama kwa kompyuta yangu nyumbani kwetu Kyebando. Ijumaa asubuhi, yeye akipiga pasi kanzu yake ya msikitini, nilimsimulia mwanzo hadi mwisho. Hakuandika kitu. Alinirudishia hadithi nzima kwa mdomo, nikamsahihisha, basi. Jumamosi nilikaa kwenye kigoda kando yake. Akipotea nilimgusa goti, naye ananyamaza mpaka nimnong'oneze. Tulifanya hivyo miaka minne, na hakuna mtu pale kibandani aliyewahi kushtuka.

Ndipo akaja mfanyabiashara mmoja wa Kikongo. Alikuwa anapeleka filamu Bunia na Goma, na alitafuta mtu mmoja wa kuzirekodi kwa Kiswahili, studio, kila wiki, kazi ya kudumu. Alimsikia Mjomba mara mbili, akampenda. Lakini alikuwa mjanja. "Sauti yako iko muzuri," alimwambia. "Lakini mimi nitaleta filamu mupya, siku ileile. Nataka kuona kama uko mutafsiri kweli ao uko unakariri tu." Kitu pekee alichokubali kumpa ni jina la filamu, na alilitoa kwa sababu Mjomba alitaka kuliandika nje kwenye ubao wa matangazo.

Sijawahi kumwona Mjomba akitaka kitu kama alivyoitaka ile kazi. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Alikuja kwetu Jumatano jioni, akakataa hata kukaa. "Dada," alimwambia Mama, "sauti yangu itafika mahali ambapo mimi mwenyewe sijawahi kukanyaga." Mama akamwambia aache maringo, ale kwanza. Yeye akanipa karatasi yenye jina la filamu.

Nikalisoma. Kilikuwa kitabu changu.

Vilikuwa vinne kwa kweli, na nilikuwa nimevisoma vyote mara tatu. Vinamhusu mwanamke mhunzi mwenye uwezo wa ajabu: akimgusa mtu mwenye maumivu, maumivu yale yanahamia kwake. Kaka yake amechukuliwa kwenda vita vya mfalme, naye anavuka nchi nzima kwa miguu kumtafuta. Hakuna mapenzi humo, hata kidogo, na hicho ndicho nilichokipenda. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na kila Idi shangazi zangu walipanga foleni kuniuliza naolewa lini. Humo mwanamke aliweza kuvuka mito na majangwa kwa ajili ya kaka yake na hakuna aliyemuuliza mchumba yuko wapi.

Mjomba aliruka kwa furaha niliposema nakijua. "Alhamdulillahi! Basi tumeshinda. Mkongo anafikiri amenitega, kumbe amenipa mtihani wenye majibu!"

Kilichobaki ni jambo moja ambalo sikumwambia. Wiki hiyo nzima nilikuwa vitani kwenye kikundi. Dada mmoja wa humo alikuwa ameiona sinema hiyo kwenye jumba kubwa la mjini, akatuletea habari: kaka amefutwa. Mahali pake wameweka mpenzi. Mwanamume yuleyule, jina lilelile, vita vilevile, ila sasa ni mchumba wa yule mhunzi. Yeye mwenyewe aliona si vibaya, alisema imemfanya alie. Nilimjibu kwa sauti kumi na moja, moja baada ya nyingine. Nilimwambia machozi yake hayana elimu. Hivyo ndivyo nilivyosema, na watu wakacheka, na mimi nikajiona bingwa.

Ijumaa nilimsimulia Mjomba kitabu. Pasi ilikuwa inafoka mvuke, kanzu imetandazwa mezani. Nilimpa kaka, nikampa mama yao aliyefariki, nikampa ahadi waliyoahidiana utotoni. Alinirudishia yote bila kukosea. Kisha akaiweka pasi wima, akaniangalia.

"Na sinema iko sawasawa na kitabu?"

"Sawasawa," nikasema.

Sikuteleza ulimi. Nilijua. Nilijiambia kwamba Wamarekani wamekiharibu kitabu kwa dunia nzima, lakini hapa Nateete, Jumamosi moja, watu mia moja watasikia hadithi yenyewe. Nilijiona kama natetea haki. Nilijiambia pia kwamba pengine hao wawili hawatashikana sana kwenye picha, na kwamba Mjomba ni fundi, ana uzoefu wa kufukia mashimo. Ujinga mtupu. Hakuna siku ninayoichukia maishani mwangu kama Ijumaa ile, na haikuwa na kelele yoyote, ilikuwa tu mimi na Mjomba na pasi.

Jumamosi saa nane kibanda kilifurika. Mfanyabiashara alikaa benchi la mbele na wenzake wawili. Mjomba alinipa simu yake nimrekodie, maana alitaka kujisikiliza baadaye. Nikarekodi kwa yangu pia, kwa usalama.

Saa nzima ya kwanza, wallahi, alikuwa hajawahi kutafsiri vile. Alimtengeneza yule kaka mpaka ukataka awe wako. "Dada yangu, usilie, ukilia wewe nitabaki na nani?" Wakongo walikuwa kimya. Mama mmoja wa Kinubi mbele yetu alikuwa anafuta macho kwa ncha ya shali yake, binti yake mdogo amemlalia begani. Yule mfanyabiashara aligeuka akawanong'oneza wenzake, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Mjomba aliliona hilo, nami niliona jinsi alivyoliona.

Kisha wale wawili wakakutana juu ya kilima, mvua inanyesha, na muziki ukabadilika. Muziki wa sinema haudanganyi. Nikajua kinachokuja, na muda nilikuwa nao. Mkono wangu ulikuwa umbali wa shubiri moja na goti la Mjomba. Sikumgusa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu ninalolipata halinipendezi: nilitaka watu wale waichukie ile sinema kama nilivyoichukia mimi.

"Kaka anamkumbatia dada yake," Mjomba alisema kwa sauti ya chini, nzuri. "Anamwambia, tangu mama yetu aage dunia, sina mwingine ila—"

Wakabusiana. Na si busu la haraka.

"Astaghfirullah!" mtu alipiga kelele. "Banange!" mwingine akashangaa kwa Kiganda kutoka nyuma. Yule mama alimfunika binti yake shali uso mzima. Mzee mmoja mstaafu wa jeshi alisimama, mkono juu, kama yuko paredi. "Afande! Hiki ni nini unatuonyesha?"

Mjomba alikuwa anaitazama skrini mdomo wazi. Kisha akajaribu. "Ee... kumbe, ndugu watazamaji... huyu siye kaka wa tumbo moja. Alilelewa tu pale nyumbani..."

"Ulisema mama yao mmoja!" mwanamke mmoja alimjibu. "Umetufanya tulie kwa ajili ya huyo mama yao!"

Hapo kibanda kikapasuka kwa kicheko. Walicheka na kuzomea pamoja, na kwenye skrini wale wawili walikuwa wanaingia kwenye kibanda cha nyasi wameshikana mikono, na kila hatua yao ilileta kelele mpya. Mjomba akageuka, akaniangalia. Alikuwa anaomba msaada, basi, hakuwa analaumu. Nikaangalia chini. Akakiweka kipaza sauti juu ya benchi taratibu, akainua pazia la plastiki nyeusi, akatoka nje juani.

Mfanyabiashara alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Alikwenda mwenyewe kwenye mashine, akachomoa flashi yake, skrini ikawa buluu. "Uyu anakariri tu," aliwaambia wenzake. "Na kukariri kwenyewe hajui."

Hayo peke yake yangetosha. Lakini jioni ile, nyumbani, nilifungua kikundi na kukuta bado wanabishana kuhusu sinema. Yule dada alikuwa anaitetea. Nikakata kipande cha dakika moja kutoka kwenye rekodi yangu, kuanzia kumbatio mpaka kicheko, nikakituma. Chini yake nikasema: "Mnaona sasa? Haya ndiyo matokeo ya kubadilisha kitabu cha watu." Nilimfanya Mjomba ushahidi wangu. Walicheka, wakatuma kwa marafiki zao, na marafiki kwa marafiki. Kufikia Jumatatu makondakta wa Nateete walikuwa wanakipiga kwenye spika. Nje ya kikundi hakuna aliyejua kimetokea wapi, na kikundini hakuna aliyejua kwamba ni mjomba wangu.

Walimwita Kaka wa Tumbo Moja. Akipita sokoni, mtu anaita kutoka kibanda cha nyanya, mwingine anajibu kutoka kwa muuza mkaa. Mwanzoni aliwapungia mkono, akacheka nao. Lakini mama zetu waliwakataza binti zao kurudi kwenye "filamu za haramu", Wakongo wakahamia pengine, na baada ya wiki tatu mwenye kibanda akamwambia aje kuchukua vitu vyake. Siku hizi Mjomba ni mlinzi wa geti kwenye nyumba za kupanga huko Lubaga.

Mama alinibana mapema kabisa. "Wewe mtoto, ulimwambia nini huyu?" Tulikuwa mezani, Mjomba yupo. Kabla sijafungua mdomo, yeye akanijibia. "Mwache, dada. Yeye alisoma kitabu. Wazungu ndio waliobadilisha. Angejuaje?" Nikachukua kikombe, nikanywa chai ambayo bado ilikuwa ya moto, ikaniunguza, nikaendelea kunywa.

Miaka miwili imepita hivyo. Kwenye kikundi nilizidi kuwa mtu maarufu wa sinema hiyo. Akija mgeni akauliza kama ni nzuri, wenzangu wanamwambia, msikilize kwanza huyu, ameichambua mpaka mifupa. Na kila mara kuna mmoja anayekileta kile kipande tena, watu wacheke. Siku moja mtu akauliza, "Hivi huyu mtafsiri yuko wapi siku hizi? Alikuwa na sauti nzuri." Nilizima simu, nikalala na nguo zangu saa kumi na mbili ya jioni.

Mwezi uliopita tukapata habari kwamba sehemu ya pili inakuja. Wote wakaniita: sema, tunakusubiri. Nikabonyeza kurekodi, nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa sauti ya Mjomba. Nilikuwa nazungumza kama yeye, mizaha yake, vituo vyake, yote niliyojifunza nikiwa nimekaa kwenye kile kigoda. Nikafuta. Nikavaa viatu, nikaenda Lubaga.

Nilimkuta mchana, amevaa sare ya kahawia iliyompwaya, kofia imemshukia mpaka nyusi. Alifurahi, masikini. Akanitolea kiti cha plastiki alichokuwa anakalia, yeye akasimama. Akaniuliza habari za Mama, za kazi, kama nimekula.

Nikamwambia. Sikupamba. Nilimwambia nilijua tangu wiki ile kwamba kaka amefutwa, na kwamba niliposema sawasawa nilikuwa namdanganya. Nilimwambia muziki ulipobadilika nilijua, na sikumgusa. Nilimwambia kile kipande cha simu kilitoka kwangu. Nilikuwa nalia, na niliona aibu kulia, kwa sababu mwenye haki ya kulia pale hakuwa mimi.

Gari likapiga honi. Akaenda akafungua geti, akapiga saluti, akafunga, akarudi. Akasimama anatazama barabara.

"Ungeniambia mpenzi," alisema hatimaye, "na mimi ningesema mpenzi. Kwangu ilikuwa neno moja tu. Mimi sikuwa na ugomvi na ile sinema."

"Nisamehe, Mjomba."

Alivua kofia, akafuta jasho, akaivaa tena.

"Haya, iliishaje?" akauliza. "Yule Mkongo alichomoa flashi katikati. Yule mwanamke alipona na maumivu yake yote yale, au alikufa?"

"Kwenye kitabu," nikaanza, "anafika mtoni, halafu—"

"Siulizi kitabu."

Miaka miwili nilikuwa nimeihukumu ile sinema mbele ya watu hamsini, na nilikuwa nimeiona mpaka pale pale alipoishia yeye, kwenye kibanda cha nyasi.

"Sijui," nikasema.

Alinigeukia. "Hujui?"

"Sijaimaliza, Mjomba. Sijawahi kuiona yote."

Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka nimefika pale kufanya nini. Kisha akangoja nisimame, akakichukua kiti chake.

"Wageni hawaruhusiwi kukaa getini," alisema, akanifungulia mlango mdogo wa pembeni.